Humen: Mabwawa yaliyomeza kasumba, wavutaji wakabaki

KWA wafanyabiashara wa Kariakoo wanaofuata mizigo China, Sanyuanli ni jina la mikoba. Litaje mbele ya mama anayeuza mabegi Mtaa wa Kongo, naye atakueleza habari za maduka ya ngozi ya jumla, bei ya dazeni, wakala wa usafirishaji na kontena lililochelewa bandarini. Ni eneo la jiji la Guangzhou, kusini mwa China. Huko, na katika mtaa wa Xiaobei, Waafrika wengi wamepanga vyumba, wakafungua ofisi na kujifunza Kichina cha sokoni.

Ni wachache wanaoingia katika hekalu la zamani lililobaki katikati ya maghorofa ya Sanyuanli. Leo ni makumbusho. Mwishoni mwa Mei 1841, wakulima wa vijiji vya hapo walikusanyika wakiwa na mikuki, mapanga na majembe, wakaapa kuwatimua askari wa Uingereza. Askari hao walifika kwa vita ambayo chanzo chake kilikuwa dawa ya kulevya.

Kiswahili kinalo jina la dawa hiyo, ila wengi wamesahau maana yake ya kwanza. Mzazi anapomwambia kijana wake aache kasumba za kikoloni, anamaanisha mawazo mabovu aliyopandikizwa kichwani. Lakini kabla ya kuwa mawazo, kasumba ilikuwa afyuni: utomvu mzito unaogemwa kwenye tumba la mpopi, ukakaushwa hadi ukawa kahawia. Ndani yake kuna mofini, na kutokana na mofini hutengenezwa heroini, ile ambayo vijiwe vya Dar es Salaam, Zanzibar na Mombasa vinaiita unga.

Kwa hiyo msafiri aliyemaliza kufunga mzigo wake, akabakiwa na siku mbili kabla ya ndege, anaweza kuifuata njia ya kasumba kwa miguu, kwa metro na kwa treni, bila kwenda mbali na masoko anayoyajua.

Chai iliyolipwa kwa afyuni

Njia hiyo inaanzia kando ya Mto Zhujiang, yaani Mto wa Lulu, mahali panapoitwa Shisanhang. Leo ni soko la nguo la jumla. Vijana wanasukuma mikokoteni iliyobeba marobota, na asiyesogea haraka anagongwa kisigino. Jina lenyewe maana yake ni nyumba kumi na tatu za biashara, na soko hili ni la kale kuliko linavyoonekana.

Kuanzia 1757 hadi 1842, Guangzhou ndiyo ilikuwa bandari pekee ambako karibu biashara yote ya meli za Ulaya na Marekani na China iliruhusiwa kufanyika. Wageni walikaa katika safu fupi ya majengo yaliyoelekea mto. Hawakuruhusiwa kuingia ndani ya kuta za jiji wala kuleta wake zao, na msimu wa biashara ukiisha walitakiwa kuondoka. Hawakununua kwa yeyote waliyemtaka, bali kwa wafanyabiashara wachache wa Kichina wenye kibali cha serikali. Mkubwa wao, Wu Bingjian, ambaye Wazungu walimwita Howqua, alihesabiwa miongoni mwa watu matajiri kabisa duniani enzi zake.

Walichofuata hasa ni chai. Kinywaji tunachokichemsha kila asubuhi, pamoja na jina lake, kimetoka China. Uingereza ilikuwa imeshakizoea kiasi kwamba hata nyumba za vibarua hazikukaa bila chai na sukari. Tatizo lilikuwa malipo. China haikuhitaji sana vitambaa vya sufu vya Waingereza, ilitaka fedha, yale madini meupe ambayo Waswahili nao waliyafanya kuwa jina la pesa. Kwa miaka mingi meli zilifika Guangzhou zikiwa na mapipa ya sarafu za fedha na kuondoka na masanduku ya chai.

Kampuni ya Uingereza ya India Mashariki ikapata bidhaa ya kuziba pengo hilo. Ilikuwa imehodhi afyuni ya Bengal, nchini India. Ikawa inaiuza kwa mnada mjini Calcutta. Haikuipeleka China kwa meli zake yenyewe, kwani afyuni ilikuwa imepigwa marufuku huko tangu 1729, na marufuku hayo yalirudiwa mara kadhaa. Wafanyabiashara binafsi waliinunua mnadani, wakaisafirisha hadi kisiwa cha Lintin kwenye mlango wa mto, wakaipakua kwenye meli zilizotia nanga kama maghala. Wachina wenye mashua za makasia mengi waliifuata huko usiku na kuilipia kwa fedha. Fedha hiyo iliingia kwenye hazina ya Kampuni mjini Guangzhou, na Kampuni ikainunulia chai. Kwenye vitabu vya hesabu mikono ya Kampuni ilikuwa safi.

Mwaka 1800 masanduku ya afyuni yaliyoingia China yalikuwa kama 4,000. Kufikia 1838 yalikaribia 40,000. Sanduku moja la afyuni ya Bengal lilikuwa na madonge 40, na uzito wake ulizidi kilo 60.

Mtu yeyote aliyewahi kuona magendo yakipita bandarini anajua kwamba hayapiti kwa ujanja wa mgeni peke yake. Maofisa wa forodha walikula, askari wa doria walikula, na wenye mashua walitajirika. Maelezo ya makumbusho ya huko hayalifichi jambo hili, ila hayalisemi kwa sauti kubwa kama yanavyosema habari za mizinga.

Daktari aliyeuza kasumba

Miongoni mwa wageni wa Shisanhang alikuwapo Mskoti aitwaye William Jardine. Alisomea upasuaji Edinburgh na kuanza safari za baharini akiwa tabibu wa meli za Kampuni. Baadaye aliuacha utabibu akaingia kwenye biashara, na mwaka 1832 yeye na James Matheson walianzisha kampuni iliyokuja kuwa muuzaji mkubwa wa afyuni katika pwani hiyo. Alijua vizuri dawa ile hufanya nini mwilini. Madaktari wote wa wakati ule walijua, kwani ndiyo iliyokuwa dawa yao kuu ya maumivu, kikohozi na kuhara.

Jirani na maghala hayo, Novemba 1835, daktari na mmisionari Mmarekani, Peter Parker, alifungua hospitali ya macho isiyotoza wagonjwa. Jengo lilikuwa la Howqua. Watu walipanga foleni kabla ya jua kuchomoza: wazee wenye mtoto wa jicho, akina mama wenye uvimbe uliokua miaka mingi, watoto wenye macho yaliyovimba usaha. Mchoraji wa Guangzhou aliyejulikana kwa jina la Lam Qua aliwachora wagonjwa wa uvimbe mmoja mmoja, na picha hizo bado zipo.

Hospitali hiyo ilihitaji wafadhili, na wafadhili wenye pesa Guangzhou walikuwa wafanyabiashara wa afyuni. Chama cha utabibu cha wamisionari kilipoundwa mwaka 1838, Jardine alikuwa mmoja wa waliokiunga mkono. Mkono uliouza afyuni ndio uliochangia matibabu ya macho. Hakuna maelezo mepesi ya jambo hili, na wala halihitaji kulainishwa.

Nyumbani kwa mvutaji

Makabati ya makumbusho ya Guangdong yana viko virefu vya mianzi, taa ndogo za mafuta na vijiko vya kupashia donge moto. Ni vyombo vizuri, vingine vimenakshiwa. Mtoto anaweza kuvitazama akadhani ni vya sherehe.

Mwanzoni vilikuwa hivyo. Afyuni ilianza kama starehe ya wenye nafasi: maofisa, watoto wa matajiri na wafanyabiashara waliomkaribisha mgeni kwa kiko kama wengine wanavyokaribisha kwa kahawa. Kisha ikashuka kwa askari, kwa makarani na kwa wabeba machela waliovuta ili wasahau mabega yanayouma.

Mwili ukizoea afyuni, hauiombi tena kwa ajili ya raha. Unaiomba ili usiumwe. Saa kadhaa bila kuvuta, pua inaanza kutoa kamasi, macho yanatiririka, mtu anapiga miayo bila usingizi. Halafu vinakuja vichomi vya tumbo, kuhara, kutapika, baridi inayosimamisha vinyweleo na misuli inayokakamaa. Vijana wa mitaani huku wanaiita hali hiyo arosto. Wakati mvutaji anaihangaikia, duka linafungwa, shamba linauzwa, vyombo vya mke vinatoka ndani kimoja kimoja. Mama mjamzito aliyezoea afyuni anaweza kuzaa mtoto mwenye arosto yake mwenyewe, mchanga anayetetemeka na kulia kwa sauti kali asiyebembelezeka.

Mjini Beijing washauri wa Kaizari Daoguang walibishana. Mwaka 1836 Xu Naiji alipendekeza biashara ihalalishwe na kutozwa kodi, kwa kuwa marufuku yameshindwa na yanawanenepesha wala rushwa. Mwaka 1838 Huang Juezi akapendekeza kinyume chake: mvutaji apewe mwaka mmoja aache, akishindwa auawe. Hoja ya wengi ilikuwa fedha inayotoka nchini, kwani ikipungua sarafu za shaba zinashuka thamani na mkulima anashindwa kulipa kodi. Habari za mvutaji mwenyewe zilikuja nyuma ya habari za hazina.

Aliyeyaunganisha mawili hayo ni Lin Zexu, mwenyeji wa Fuzhou, ofisa aliyesifika kwa kutopokea rushwa. Alipokuwa mtawala wa Hunan na Hubei alikusanya viko akavivunja, lakini pia aligawa dawa za mitishamba kwa waliotaka kuacha. Kaizari akamteua kuwa mjumbe wake maalumu. Aliwasili Guangzhou Machi 10, 1839, akiwa na miaka 53.

Ndani ya miezi miwili zaidi ya watu 1,600 walikamatwa na viko zaidi ya 42,000 vilikusanywa. Mbinu yake moja ingewapendeza walimu wa leo. Aliwakusanya wanafunzi zaidi ya 600 kana kwamba wanafanya mtihani, kisha kwenye karatasi akawataka waandike majina ya wauzaji wakubwa wanaowajua, bila kulazimika kuandika majina yao wenyewe.

Kitu kisichotajwa sana ni kwamba Lin huyo huyo, Julai 1839, alituma watu kwa daktari Parker. Alitaka mambo mawili: mkanda wa kubana ngiri iliyokuwa ikimsumbua, na dawa ya kuwaponya wavuta afyuni. Hakwenda mwenyewe, maana mjumbe wa Kaizari hakuweza kuonekana akipimwa na mgeni. Parker alimfungulia faili namba 6565 bila kumwona, na mkanda ukamfikia kwa mkono wa mtu mwingine. Kuhusu dawa ya uraibu, jibu lilikuwa kwamba hakuna dawa moja mahususi, na kila mgonjwa atibiwe kulingana na hali yake.

Siku 23

Treni ya kasi kutoka kituo cha kusini cha Guangzhou inafika Humen kwa muda usiozidi nusu saa. Huu nao ni mji wa nguo. Mabango ya viwanda vya fulana na suruali yameusonga kila upande, na teksi inapita katikati yake hadi kwenye Makumbusho ya Vita ya Afyuni, yaliyofunguliwa mwaka 1957. Nyuma ya bustani yapo mabwawa mawili, makubwa kuliko bwawa la kuogelea la hoteli ya kawaida. Ni maji tu, na asiyejua historia anaweza kudhani ni ya samaki.

Lin aliwataka wageni wakabidhi afyuni yote. Walipozungushazungusha maneno aliwazuia ndani ya nyumba zao, watu kama 350, akawaondolea wapishi na watumishi wa Kichina. Howqua mzee alifika mbele yao akiwa na mnyororo shingoni, awasihi watii kabla hajakatwa kichwa. Mwakilishi wa Uingereza, Kapteni Charles Elliot, aliwaambia wafanyabiashara wake wamkabidhi yeye afyuni kwa jina la Malkia, na serikali yao itawafidia. Kwa sentensi hiyo magendo yakageuka mali ya taji la Uingereza. Wafanyabiashara walitoa kwa furaha, kwa sababu soko lilikuwa limedorora na sasa walipata mnunuzi asiyekimbia. Yalikabidhiwa masanduku 20,283. Kwa kila sanduku China iliahidi kutoa chai kiasi cha kilo tatu.

Kuharibu zaidi ya tani 1,000 za afyuni ni kazi ngumu kuliko inavyoonekana. Ukiichoma, sehemu yake inayeyuka na kuzama ardhini, na maskini watafukua udongo wauchemshe. Kwa hiyo mabwawa yalichimbwa, chini yakatandikwa mawe ili kisipenye kitu. Maji yaliingizwa, chumvi ikamwagwa, madonge yakavunjwa vipande na kutupwa ndani yalowane. Kisha ikafuata chokaa. Bwawa lilichemka lenyewe bila moto, moshi na harufu mbaya vikapanda, huku vibarua waliosimama juu ya mbao wakikoroga kwa majembe. Bahari ilipokupwa, lango la maji lilifunguliwa na uji ule mweusi ukaenda zake. Bwawa likasuguliwa, kazi ikahamia la pili. Kibarua aliyekamatwa akiiba alikatwa kichwa. Kabla ya kuanza, Lin alifanya ibada kwa mungu wa bahari, akaomba radhi kwa uchafu unaokuja na kuomba viumbe wa majini wasogee mbali kwa muda.

Kazi ilianza Juni 3, 1839 na kumalizika Juni 25. Wageni waliokuwa wakinong'ona kwamba maofisa wangeficha afyuni na kuiuza walialikwa kushuhudia. Elijah Bridgman, mmisionari Mmarekani, alikwenda na mfanyabiashara Charles King, ambaye kampuni yake ilikataa kugusa afyuni, pamoja na mke wa King. Bridgman alichapisha aliyoyaona na kukiri kwamba kazi ilifanywa kwa uangalifu mkubwa.

Wazazi wa Kichina huleta watoto hapa, na shule huleta madarasa mazima, kwani ni moja ya vituo vya serikali vya kufundisha uzalendo. Juni 26, siku ambayo dunia inaadhimisha vita dhidi ya dawa za kulevya, inaangukia siku moja tu baada ya ile ambayo mabwawa haya yalimaliza kazi.

Katika mwezi huohuo wa Juni Kaizari alitoa sheria mpya: mvutaji ana miezi 18 ya kuacha, baada ya hapo adhabu ni kifo. Lin alijua kwamba tani 1,000 ndani ya bahari hazimtoi mtu arosto. Ndiyo maana, wiki chache baada ya bwawa la mwisho kusuguliwa, ndipo alipopeleka lile swali kwa daktari Parker. Swali lenyewe halina sanamu Humen. Lilistahili kuwekewa angalau kibao.

Barua kwa Malkia

Lin alimwandikia pia Malkia Victoria. Hoja yake ilikuwa rahisi: kwa nini mnatuuzia sisi kitu ambacho ninyi wenyewe mnakikataza kwenu kwa sababu kinaua?

Hapo alikosea, na kosa hilo linafundisha mengi. Uingereza haikuwa imekikataza. Afyuni iliuzwa madukani kama chumvi, na udhibiti wa uuzaji wake ulianza kwa sheria ya 1868. Mama wa kiwandani aliyelazimika kumwachia kichanga mlezi au dada yake mdogo alinunua chupa ya Godfrey's Cordial, sharubati tamu yenye afyuni ndani, na mtoto alilala kutwa nzima. Waliozidishiwa hawakuamka. Wengine walidhoofu taratibu, kwa sababu mtoto aliyeleweshwa halii njaa. Hapa kwetu madaktari wa watoto bado wanahangaika na mzazi anayempa mtoto dawa ya kikohozi au ya mafua ili alale, na ukweli ni kwamba tabia hiyo ina ukoo mrefu.

Bungeni London, Aprili 1840, kijana mmoja aitwaye William Gladstone aliishambulia vita hiyo kuwa ya aibu. Nyumbani kwao afyuni haikuwa habari ya mbali, kwani dada yake, Helen, alikuwa mraibu wa laudanamu, afyuni iliyochanganywa na pombe. Hoja ya kuilaumu serikali ilishindwa kwa kura 271 dhidi ya 262. Kura tisa.

Mizinga

Vita yenyewe inaelezwa kirefu Humen, na anayependa mizinga atashinda kutwa nzima. Ngome ya Weiyuan iko ukingoni mwa maji, na juu yake linapita daraja kubwa la Humen lililofunguliwa mwaka 1997, malori yakinguruma bila kukoma. Februari 1841 manowari za Uingereza, ikiwamo Nemesis, meli ya chuma inayoendeshwa kwa mvuke, ziliivunja mstari wa ngome hizi. Amiri Guan Tianpei alifia kwenye kituo chake.

Miezi mitatu baadaye askari walikuwa juu ya vilima vya kaskazini mwa Guangzhou, wakidai fidia ili wasiupige mji. Wakati wakisubiri walipora vijijini, wakafukua makaburi na kuwadhalilisha wanawake. Hapo ndipo wakulima wa Sanyuanli walipokusanyika kwenye hekalu lao. Mvua kubwa ilinyesha, baruti ya Waingereza ikalowa, bunduki zikagoma, na kikosi cha askari Wahindi kutoka Madras kikazingirwa matopeni. Waliowaokoa Waingereza ni maofisa wa Kichina wenyewe, waliowasihi wakulima watawanyike ili makubaliano ya fidia yasiharibike. Kwa hesabu za kijeshi lilikuwa pambano dogo, lakini watu wa Guangzhou walikumbuka mambo mawili: kwamba mgeni anaweza kusimamishwa, na kwamba serikali yao ndiyo iliyomfungulia njia.

Mkataba wa Nanjing wa Agosti 29, 1842 uliipa Uingereza kisiwa cha Hong Kong, ukafungua bandari tano na kuitoza China dola milioni 21, milioni sita kati ya hizo zikiwa fidia ya afyuni iliyoyeyushwa Humen. Lin hakuwapo kuuona ukisainiwa, kwani alikuwa amevuliwa cheo na kutumwa uhamishoni mbali magharibi, Xinjiang, ambako alishughulika na mifereji ya umwagiliaji. Alifariki mwaka 1850.

Kisiwa cha picha za harusi

Ukirudi Guangzhou jioni, teremka Shamian. Ni kisiwa kidogo chenye miti mikubwa ya kivuli, majengo ya mawe ya kizungu na maharusi wanaopiga picha. Wazazi wanapenda kuleta watoto hapa kwa sababu magari ni machache. Nyumba za wageni za Shisanhang ziliteketea kwa moto Desemba 1856, mwanzoni mwa vita ya pili. Baada ya hapo Uingereza na Ufaransa zilijenga makazi mapya juu ya fungu hili la mchanga, zikachimba mfereji wa kulitenga na mji. Mchina aliingia kwa kibali, ndani ya nchi yake.

Ng'ambo ya mfereji ipo barabara ya Liu'ersan, yaani sita-mbili-tatu: Juni 23. Siku hiyo, mwaka 1925, wafanyakazi na wanafunzi waliandamana kando ya mfereji kupinga mauaji yaliyofanywa na polisi wa wageni mjini Shanghai. Risasi zilitoka upande wa Shamian, na zaidi ya watu 50 waliuawa. Mgomo wa Guangzhou na Hong Kong uliofuata ulidumu kama miezi 16.

Na kasumba? Mkataba wa Nanjing haukuihalalisha. Ilihalalishwa mwaka 1858, ikatozwa kodi kama Xu Naiji alivyotaka. Kisha wakulima wa Sichuan na Yunnan wakaipanda wenyewe, hadi ile ya nyumbani ikaipita kwa mbali iliyotoka India. Mamilioni ya watu walivuta. Mwaka 1907 Uingereza ilikubali kupunguza hatua kwa hatua mauzo kutoka India, miaka 68 baada ya Humen. Utumiaji ulikuja kuvunjwa nguvu mwanzoni mwa miaka ya 1950, kwa kampeni ya serikali mpya ya Kikomunisti iliyong'oa mashamba, ikawafunga na kuwaua wauzaji, na kuwalazimisha wavutaji kuacha.

Hospitali ya Parker nayo haikufa. Ilifungwa wakati wa vita, ikafunguliwa tena 1842, ikahama, ikabadilishwa majina, na leo ndiyo Hospitali ya Kumbukumbu ya Sun Yat-sen, hatua chache kutoka mto, karibu na soko la Shisanhang. Sun Yat-sen mwenyewe, aliyekuja kuwa rais wa kwanza wa jamhuri, alianza kusomea udaktari hapo mwaka 1886.

Heroini ilirudi China miaka ya 1980. Safari hii, mbali na polisi, nchi hiyo ilianza mwaka 2004 kutoa methadone, dawa inayotuliza arosto bila kumlevya mgonjwa anayepewa kipimo sahihi. Muhimbili ilianza kuitoa mwaka 2011. Mgonjwa anafika kila siku, wengine wakiwa wamesindikizwa na mama zao, anakunywa kikombe chake mbele ya mhudumu, anasubiri kidogo, kisha anarudi nyumbani.